Naitrojeni kwa Haba na Haba: Historia ya Mbolea za Polepole katika Malisho ya Nchi za Joto

Mbolea ya naitrojeni inayojiachia polepole ni ile iliyotengenezwa ili chakula kilichomo ndani ya punje kisimwagike ardhini chote kwa siku chache, bali kitoke kwa wiki au miezi kadiri mmea unavyokihitaji. Katika nyasi za malisho za nchi za joto wazo hili lina mantiki kuliko katika mazao mengi. Mabingobingo, ambayo Wakenya huyaita nepia, hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Majani ya Guinea, Rhodes, nyota na brachiaria nayo hukatwa au kulishwa mara kadhaa kwa mwaka. Mahindi hudai naitrojeni kwa msimu mmoja, yakavunwa, yakaisha. Nyasi huidai maadamu kuna unyevu, na kila zikipitiwa na panga huanza kudai upya.

Urea, mbolea ya naitrojeni inayotumika zaidi duniani, haina subira ya kuhudumia mmea wa namna hiyo. Ina asilimia 46 ya naitrojeni, na ikigusa udongo wenye unyevu huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho yurease na kugeuka amonia. Kimeng'enya hicho kimejaa kwenye majani makavu na mabua yanayooza, yaani palepale ambapo mfugaji humwaga mbolea baada ya kukata. Jua likiwa kali na mvua ikichelewa, zaidi ya robo ya naitrojeni inaweza kupaa hewani kabla mzizi haujaionja. Inayosalia hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti, na naitreti haishikwi na chembe za udongo. Mvua kubwa huisukuma chini kupita mizizi, na penye udongo uliotota bakteria wengine huigeuza gesi.

Kuna hasara nyingine ambayo huonekana zizini. Nyasi zilizopewa naitrojeni nyingi kwa mkupuo hunyonya kuliko zinavyoweza kutumia, na ukame ukiingia kati naitreti hurundikana kwenye mashina. Ng'ombe akila majani hayo, naitreti hugeuka naitraiti tumboni, huingia damuni na kuizuia damu isibebe oksijeni. Damu hubadilika rangi ikawa ya kahawia nzito, na mnyama anaweza kufa kwa saa chache.

Nyasi zilizoleta mjadala huu karibu zote ni za Afrika. Majani ya Guinea yalivuka Atlantiki katika karne za biashara ya watumwa. Mabingobingo yalipata jina la Napier kutokana na Kanali Napier wa Bulawayo, aliyeihimiza idara ya kilimo ya Rhodesia iyachunguze mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia mwaka 1913 yalikuwa yameingia Marekani. Nyasi za Kikuyu zilifika New South Wales, Australia, mwaka 1919 zikitokea Kongo ya Wabelgiji. Pangola ilichukuliwa kandokando ya mto Pongola, Afrika Kusini, ikapelekwa Florida katika miaka ya 1930. Brachiaria iliyokuja kujulikana kwa jina la Basilisk ilitoka Uganda kwenda Australia mwaka 1930, na nyingine, ruziziensis, inabeba hadi leo jina la bonde la Ruzizi, baina ya Kongo na Burundi.

Nyasi hizo zililelewa katika mbuga zenye naitrojeni haba, na uhaba zimeuzoea. Lakini zikipewa naitrojeni huitikia kwa kishindo. Sababu ilieleweka katika miaka ya 1960, baada ya Hugo Kortschak huko Hawaii, kisha Hal Hatch na Roger Slack huko Brisbane, kuonyesha kwamba muwa hukamata hewa ya ukaa kwa njia ya pekee, iliyo bora penye joto na jua kali. Nyasi hizi za malisho ni jamaa za muwa na hutumia njia hiyohiyo. Kwa kilo moja ya naitrojeni huzaa majani mengi kuliko nyasi za Ulaya.

Naitrojeni yenyewe ilifuata njia nyingine. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mashamba ya Ulaya yaliitegemea guano, yaani mavi ya ndege wa bahari yaliyochimbwa katika visiwa vya Chincha, Peru, kisha chumvi ya jangwa la Atacama, ambayo Chile iliitwaa katika vita vya 1879 hadi 1884. Mwaka 1909 Fritz Haber aliwaonyesha wakuu wa kampuni ya BASF, huko Karlsruhe, jinsi ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ikawa amonia. Carl Bosch akaigeuza kazi ya meza ya maabara kuwa kazi ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kuzalisha. Mwaka 1922 Wajerumani walianza kutengeneza urea kwa wingi kutokana na amonia na hewa ya ukaa. Tangu hapo naitrojeni haikuwa tena mali ya kuchimbwa kisiwani, na swali la namna ya kuizuia isipotee likapata uzito mpya.

Jibu la kwanza lilitoka Ujerumani hukohuko. Mwaka 1924 BASF ilipata hataza ya mbolea iliyotokana na kuunganisha urea na formaldehaidi. Viungo hivi viwili vikikutana hufanya minyororo. Mfupi huyeyuka haraka, mrefu huyeyuka kwa shida na hungoja bakteria wa udongo waukate kipande kwa kipande. Mbolea inayopatikana ina takriban asilimia 38 ya naitrojeni. Kwa miaka 30 hivi haikupata soko la maana. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani waliifufua katika miaka ya 1940, na mwaka 1955 ikaanza kuuzwa huko. Udhaifu wake ulijulikana mapema: sehemu ya minyororo ni mirefu mno kiasi kwamba mkulima hulipia naitrojeni ambayo huenda ikatoka baada ya mwaka mzima au zaidi, wakati haitafuti tena.

Wakati huo huo kisiwa cha Puerto Rico kilikuwa kinaonyesha nyasi za Afrika zinaweza kula kiasi gani. José Vicente-Chandler na wenzake, wakifanya kazi na kituo cha utafiti wa kilimo cha Chuo Kikuu cha Puerto Rico, walianza katika miaka ya 1950 kuzilisha mabingobingo, Guinea na pangola kwa viwango vya naitrojeni ambavyo mkulima wa kawaida angevicheka. Mwaka 1959 walichapisha matokeo ambayo bado yanatajwa katika vitabu vya malisho: mabingobingo yaliyopewa kilo 897 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, na kukatwa kila baada ya siku 90 penye mvua ya kutosha, yalitoa karibu kilo 84,800 za majani makavu kwa hekta. Uzani huo hauhesabu maji. Ni mavuno ambayo mashamba machache sana duniani yameyakaribia, na kwa hakika si kipimo cha kumpa mfugaji wa Meru au Rungwe, kwani majani ya siku 90 huwa yamekomaa, magumu, na protini yake imeshuka.

Jambo lililofundisha zaidi huko Puerto Rico lilikuwa bei ya mafanikio hayo. Mbolea ilibidi igawanywe na kuwekwa baada ya kila mkato, maana yake kazi na mishahara. Na salfeti ya amonia, ikirudiwa mwaka baada ya mwaka, ilichachua udongo, kalsiamu na magnesiamu vikasukumwa chini, ikabidi chokaa iletwe. Naitrojeni ya kasi iliweza kuzalisha majani bila shaka; iliweza pia kuua udongo uliokuwa ukiyazalisha.

Huko Georgia, kusini mwa Marekani, Glenn Burton wa kituo cha Tifton alikuwa amefanya kazi ya aina yake. Mwaka 1943 alitoa Coastal, nyasi ya jamii ya Bermuda iliyozaliwa kwa kuchanganya nyasi ya kienyeji ya Georgia na nyingine kutoka Afrika Kusini. Baadaye alichanganya Coastal na mmea kutoka Kenya akapata Coastcross-1, iliyotolewa mwaka 1967 na kusambaa Amerika ya Kilatini. Nyasi hizi zilifungua soko la naitrojeni kusini mwa Marekani: mfugaji aliyekuwa na malisho dhaifu ya mchanga sasa aliweza kuvuna hei mara nne au tano kwa mwaka, ilimradi kila mavuno yafuatiwe na mfuko wa mbolea. Kwa hiyo wenye hei ya Bermuda wakawa miongoni mwa wakulima wa kwanza kulengwa na mbolea ya polepole.

Mbolea hiyo ilitoka Muscle Shoals, Alabama. Mahali hapo serikali ya Marekani ilijenga kiwanda cha naitreti mwaka 1918 kwa ajili ya baruti, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisha kabla hakijafaa. Mwaka 1933 kilikabidhiwa TVA, mamlaka mpya ya bonde la mto Tennessee, na taratibu kikageuka kituo kikuu cha utafiti wa mbolea duniani. Aina nyingi za mbolea zilizokuja kutumiwa Asia na Afrika zilipitia kwanza mikononi mwa wahandisi wake.

Mwaka 1961 wahandisi hao walianza kufunika urea kwa salfa. Salfa ilichaguliwa kwa sababu za mtu anayehesabu senti: ilikuwa rahisi, ilipatikana kwa wingi, na yenyewe ni chakula cha mmea. Punje za urea zilipashwa moto ndani ya pipa linalozunguka, salfa iliyoyeyushwa ikanyunyiziwa juu yake, ikaganda na kuwa ganda. Ganda la salfa huwa na nyufa na vitundu, kwa hiyo likapakwa nta ya kuviziba, na juu ya nta ukamwagwa unga laini wa madini ili punje zisigandane. Mbolea iliyokamilika ilikuwa na naitrojeni asilimia 36 hadi 38. Iliyobaki ilikuwa uzito wa ganda.

Ili kuzitofautisha, TVA ilitumia kipimo rahisi: mbolea huloweshwa kwenye maji ya nyuzi 38 za Selsiasi kwa siku 7, na asilimia ya urea iliyotoka ndiyo namba yake. Iliyopewa namba 30 ilikuwa imeachia asilimia 30 katika wiki hiyo. Iliyopewa namba 10 ilikuwa na ganda nene zaidi. Lakini kila kundi lilikuwa mchanganyiko wa punje za tabia tofauti. Punje yenye ganda lililopasuka iliachia vyote siku ya kwanza, kama urea ya kawaida. Punje iliyofunikwa sawasawa ilikaa kimya, nta ikaliwa na bakteria, kisha ikafunguka. Nyingine hazikufunguka kabisa msimu ule. Upole wa mbolea hii ulitokana na wastani wa punje nyingi, si na utii wa kila punje.

Majaribio kwenye nyasi yalifanywa Muscle Shoals na katika majimbo ya kusini tangu miaka ya 1960, kwanza kwa fescue, nyasi ya nchi za baridi, na kwa Bermuda. Picha iliyojitokeza ilikuwa na mantiki. Urea au naitreti ya amonia ikiwekwa yote kwa mara moja, mkato wa kwanza huwa mkubwa mno na wenye naitrojeni kupita kiasi, kisha mikato inayofuata hunyong'onyea. Urea yenye ganda la salfa, ikiwekwa kwa mara moja vilevile, hupunguza mkato wa kwanza na kuinua ya baadaye, na sehemu ya naitrojeni hubaki kwa msimu unaofuata. Jumla ya mavuno ya mwaka haikutofautiana sana. Na mbolea ya kawaida ilipogawanywa baada ya kila mkato, pengo baina yake na mbolea ya polepole lilizidi kuwa jembamba. Matokeo hayo ndiyo yaliyoamua historia yote iliyofuata, ingawa wakati ule hayakuonekana hivyo. Mbolea ya polepole ilikuwa imeshinda mkupuo mmoja, lakini kuishinda mikono iliyoweka mara tano haikuweza kwa urahisi.

Kwa hiyo hoja iligeuka ikawa ya bei ya mikono. Palipo na mshahara mkubwa na trekta ghali, kuokoa safari nne za shambani kuna thamani. Palipo na mfugaji mwenye nusu ekari na familia inayokata majani kila siku, safari ya ziada haina gharama ya fedha. Mfuko ndio wenye gharama. Mbolea yenye asilimia 37 badala ya 46 inamaanisha pia kusafirisha magunia mengi zaidi kwa naitrojeni ileile, na nauli kutoka bandarini hadi milimani ni sehemu nzito ya bei ya mbolea Afrika Mashariki.

Japani ilikwenda njia yake. Katika miaka ya 1960 Mitsubishi ilitengeneza IBDU, kampaundi ya urea yenye naitrojeni takriban asilimia 31 inayovunjwa na maji badala ya bakteria: punje kubwa hudumu, ndogo huisha mapema. Baadaye kampuni ya Chisso ilifunika urea kwa ngozi nyembamba ya plastiki, yaani polima, ikafanikiwa kupata kile ambacho salfa ilishindwa. Maji hupenya ngozi, urea huyeyuka ndani na kutoka kidogo kidogo, na kasi hutegemea karibu joto peke yake. Wajapani waliziuza kwa siku: ya siku 40, ya 70, ya 100, zote zikihesabiwa kwa udongo wa nyuzi 25.

Hesabu hiyo ya nyuzi 25 haisafiri vizuri. Kasi ya kutoka huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, na udongo wa nchi za joto, hasa siku za kwanza baada ya nyasi kukatwa na jua kuupiga moja kwa moja, hupita nyuzi 30 kwa wepesi. Mbolea iliyoandikwa siku 100 huisha mapema zaidi. Hata hivyo joto hilohilo huzikuza nyasi kwa kasi, kwa hiyo mbolea na mmea hukimbia pamoja. Shida hutokea kiangazi, udongo unapokuwa wa moto na mkavu na nyasi zimesimama. Punje yenye unyevu wa umande tu huweza kuendelea kuachia naitrojeni isiyo na wa kuila, na mvua za kwanza zikaikuta juu na kuibeba.

Wanunuzi walipatikana kwingine. Viwanja vya gofu, bustani za maua, vitalu vya miche na nyua za nyumba za Marekani vilikuwa tayari kulipa mara kadhaa ya bei ya urea ili nyasi zibaki kijani bila kukatwa kila siku. Burton, aliyekuwa amewapa wafugaji Coastal, ndiye pia aliyetoa Tifgreen mwaka 1956 na Tifway mwaka 1960, nyasi za gofu ambazo mmoja wa wazazi wao alitoka Afrika Kusini. Mbolea iliyofanyiwa majaribio kwa ajili ya hei ikaishia kulisha nyasi ambazo hazikusudiwi kuliwa na mnyama yeyote. Katika hili hakuna wa kulaumiwa: kiwanda huuza kwa anayelipa.

Kuna nchi iliyojaribu kupita njia ya mkupuo bila hesabu. Baada ya mapinduzi, Cuba iliamua kuzalisha maziwa kwa malisho ya pangola, nyota na Coastcross yaliyonyweshwa maji na kuwekwa mbolea kwa wingi. André Voisin, Mfaransa aliyeandika vitabu vya malisho vilivyosomwa sana wakati huo, alialikwa huko mwaka 1964 na kufia Havana mwezi Desemba mwaka uleule. Mwaka uliofuata Taasisi ya Sayansi ya Mifugo ilianzishwa. Naitrojeni ilitegemea msaada wa Umoja wa Kisovyeti, na umoja huo ulipovunjika mwaka 1991 mbolea ikakatika. Malisho yaliyozoeshwa shibe yakadhoofika na magugu yakachukua nafasi. Australia iliamua vingine mapema. Wafugaji wa Queensland wenye maelfu ya hekta hawakuweza kununua naitrojeni kwa ardhi ya ukubwa huo, na watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti, wakatafuta mikunde ya kuota pamoja na nyasi. Siratro ya Mark Hutton ilitolewa mwaka 1960. Mikunde hukamata naitrojeni ya hewani na kuiachia majani na mizizi yake ikioza, jambo ambalo kwa maana halisi ni mbolea ya polepole isiyopitia kiwandani.

Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 kuliongeza mkazo, kwa kuwa amonia hutengenezwa kwa gesi asilia na bei yake hufuata nishati. Mwaka 1974 kituo cha kimataifa cha mbolea, IFDC, kilianzishwa hapohapo Muscle Shoals ili kutafuta njia za kubana matumizi katika nchi maskini. Kazi yake iliyosifika zaidi haikuwa ganda lolote bali urea iliyoshindiliwa ikawa donge kubwa na kufukiwa kwenye majaruba ya mpunga, hasa Bangladesh. Donge lililofukiwa halipotezi amonia hewani. Katika nyasi za kudumu njia hiyo ni ngumu zaidi, kwani mashina yamejaa na hakuna tuta la kufungua, ingawa kwa mabingobingo yaliyopandwa kwa mistari inawezekana.

Njia nyingine iliiacha punje kama ilivyo na kuwashughulikia bakteria. Mwaka 1962 Cleve Goring wa kampuni ya Dow alitangaza nitrapirini, kemikali inayowazuia bakteria wasigeuze amonia kuwa naitreti. Baadaye zikaja DCD, ya kazi hiyohiyo, na katika miaka ya 1990 NBPT inayozuia yurease. Ya mwisho imefaa zaidi kwa malisho ya nchi za joto, maana hasara kubwa ya urea iliyomwagwa juu ya nyasi ni ya amonia, na siku chache za kungoja mvua ndizo zinazohitajika tu. DCD huvunjika haraka udongo unapopata joto. Nayo ilipata pigo mahali pasipotarajiwa: Januari 2013 kampuni za mbolea za New Zealand zilisitisha kuiuza baada ya mabaki yake kuonekana kwenye maziwa. Viwango vilikuwa vidogo na hatari kwa afya haikuthibitishwa, lakini muuza maziwa nje ya nchi hafanyi mchezo na mteja.

Ugunduzi uliowashangaza wataalamu ulitoka kwenye nyasi zenyewe. Katika kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto, CIAT, kilichoko Palmira, Colombia, watafiti walikuwa wameona tangu miaka ya 1980 kwamba udongo chini ya Brachiaria humidicola una naitreti kidogo kuliko ulivyotarajiwa. Guntur Subbarao wa taasisi ya Kijapani JIRCAS na wenzake walifuatilia mizizi yake, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba hutoa kemikali waliyoiita brakialaktoni, iliyo chanzo cha asilimia 60 hadi 90 ya nguvu ya kuwazuia bakteria. Katika mashamba ya Palmira kasi ya kugeuza amonia ilishuka kwa asilimia 90, na hewa ya naitrasi oksaidi, inayoongeza joto la dunia kwa kiwango kinachokaribia mara 300 ya hewa ya ukaa, ilipungua. Mmea huu asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika. Ulikuwa na breki yake kabla ya kiwanda chochote, na kwa mmea uliolelewa penye uhaba jambo hilo lina maana kamili: kinachookotwa kwa shida hakiachwi kimwagike.

CIAT ilikuwa na hazina ya kuchagulia. Mwaka 1984 na 1985 ilishirikiana na taasisi za Afrika kukusanya brachiaria katika Ethiopia, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Zimbabwe, ikapata mamia ya sampuli. Kutokana na kazi ya kuzalisha chotara ilitoka Mulato mwaka 2001, kisha Mulato II mwaka 2005, nyasi ambazo zimerudi Kenya na Rwanda kama mbegu ya kununua. Wazazi wa mbegu hiyo waliondoka barani bure.

Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa na elimu ya nyasi mapema. Huko Kitale, A. V. Bogdan alichagua na kuelezea aina za Rhodes, setaria na nyinginezo kwa miaka mingi, na kitabu chake cha mimea ya malisho ya nchi za joto, kilichotoka mwaka 1977, bado kinatumika. Mwaka 1980 mradi wa taifa wa maendeleo ya maziwa ulianza Kenya kwa msaada wa Uholanzi, ukaeneza ufugaji wa zizini unaosimama juu ya nepia. Mbolea iliyopatikana madukani ilikuwa CAN (naitreti ya amonia yenye kalsiamu), urea na salfeti ya amonia, na kiwanda cha Tanga kilichozalisha tangu mwaka 1972 kilifungwa mwaka 1991. Leo urea nyingi inayoshuka Mombasa na Dar es Salaam hutokana na gesi ya Ghuba, kwenye viwanda kama vile vya Qatar na cha Sur, Oman. Bei ilipopanda mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuzuka, mfugaji aliyelazimika kuchagua kati ya mahindi na nyasi aliweka mfuko kwenye mahindi.

Ghuba ina somo lake. Katika pwani ya Batinah, Oman, na katika majangwa ya Saudia, Rhodes ya Afrika humwagiliwa maji ya visima kwa ajili ya mbuzi, ngamia na ng'ombe wa maziwa. Mchanga haushiki naitreti, na kila umwagiliaji wa kupita kiasi huisukuma chini. Hapo mbolea yenye ganda ina hoja yenye nguvu kuliko katika udongo mwekundu wa nyanda za juu. Lakini maji yalipoanza kupungua, uamuzi uliochukuliwa haukuwa wa mbolea: Desemba 2015 Saudi Arabia iliamua kusitisha kwa hatua kilimo cha majani mabichi ya mifugo.

Kwa mfugaji mdogo, naitrojeni ya polepole iliyo karibu zaidi iko nyuma ya ng'ombe wake. Sehemu kubwa ya naitrojeni anayokula ng'ombe, robo tatu au zaidi, hutoka tena, na nyingi iko kwenye mkojo. Zizi lisilo na sakafu hupoteza mkojo huo ardhini. Samadi iliyoachwa juani na mvuani hupoteza naitrojeni nyingine. Ikikusanywa, ikafunikwa na kufukiwa kando ya mashina baada ya kukata, huachia naitrojeni kwa miezi kama mbolea ya Muscle Shoals ilivyokusudiwa. Desmodiamu, ambayo kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Kenya, kiliisambaza kutoka Mbita pamoja na nepia ili kuzuia funza wa mabua kwenye mahindi, huongeza naitrojeni ya hewani na protini kwenye hori.

Wazalishaji wa mbolea zenye ngozi ya polima sasa wana tatizo jipya. Ngozi hizo hubaki udongoni kama vipande vidogo vya plastiki, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 inadai kuwa zinazouzwa huko chini ya alama ya umoja huo ziwe za kuoza. Ngozi ya kuoza ni ghali zaidi, na joto la nchi za tropiki litaiozesha mapema zaidi.

Mpaka bei ya naitrojeni iliyofunikwa itakapokaribia ile ya urea tupu, ganda litaendelea kuwa la gofu na vitalu vya maua. Kwa mabingobingo ya nusu ekari, kinacholipa ni samadi iliyotunzwa na mkono mdogo wa mbolea ya kukuzia baada ya kila mkato, mvua ikiwa njiani.